Vyombo Vyetu Vilivyo Ugenini

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Kerio



Katika mkutano wa mwaka uliopita mzee mmoja alisimama akauliza swali, na halmashauri ikatuagiza sisi wa ofisi ya karani tulitafutie jibu. Aliuliza hivi: "Mjukuu wangu amenionyesha picha ya ekicholong ya Turkana ndani ya sanduku la kioo huko Ulaya. Nani aliipeleka huko, na itarudi lini?" Wengi tulicheka, walakini kicheko kile kilikuwa cha watu wasio na la kujibu. Leo twaleta tulichokipata. Pengine hakitatosha, lakini tumejitahidi kisiwe na chumvi ndani yake.

Yafaa kwanza tuvieleze vitu vyenyewe, kwa ajili ya vijana wetu waliokulia mjini. Ekicholong ni kigoda na tena ni mto. Mzee huikalia mchana chini ya mti, na usiku hulaza kichwa juu yake, ili nywele zilizopambwa kwa udongo zisiharibike. Elepit ni chombo cha mti cha kukamulia maziwa. Abarait ni kisu cha mviringo kivaliwacho kwenye kifundo cha mkono, na makali yake hufunikwa kwa ngozi mpaka kitakapohitajiwa. Vitu hivi havikufanywa viwe pambo la ukuta. Vilikuwa vya kazi, na katika boma kila kimoja kilijulikana ni cha nani.

Sasa, vilitokaje? Tumeona njia tatu: nguvu, wizi na ununuzi. Yatupasa tuzitenge, kwa maana mtu akichanganya madai yake hukosa yote.

Njia ya kwanza ni nguvu. Mwaka 1888 wasafiri wawili, Teleki wa Hungaria na von Höhnel wa Austria, walifika kwenye ziwa letu wakaliita Ziwa Rudolf, kwa jina la mwana wa mfalme wao, kana kwamba waliokuwa wakinywa maji yake hawakuwa na jina la kuliita. Jina hilo lilikaa katika ramani mpaka mwaka 1975, serikali ya Kenya ilipoliita Ziwa Turkana. Jambo hili twalitaja mapema kwa kusudi: jina lilichukuliwa, likakaa mikononi mwa wageni miaka 87, na likarudi.

Baada ya wasafiri walikuja askari. Mwaka 1918 serikali ya Waingereza ilileta jeshi kubwa dhidi ya watu wetu, na mifugo ikatwaliwa kwa maelfu. Kisha nchi ikafungwa, mgeni asiingie ila kwa kibali. Wazee mwaijua habari hii kuliko sisi, maana mliisikia kwa baba zenu waliokimbia na watoto migongoni.

Wenzetu nao yaliwapata. Kwa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na ofisa wa Kiingereza, Meinertzhagen, akauawa papo hapo kwa risasi. Fimbo zake za uongozi zilichukuliwa. Miaka 101 baadaye, mwaka 2006, fimbo tatu zilirudishwa Nandi na mwana wa ofisa yule. Kwa Wapokomo wa Mto Tana kulikuwa na ngoma kuu iitwayo Ngadji, ambayo ilikuwa sauti ya mfalme na ya wazee wake. Maofisa wa Kiingereza waliitwaa mwaka 1902, na tangu mwaka 1908 imo katika British Museum, London. Haikuwekwa hata mahali pa kuonyeshwa watu, bali ghalani. Mwaka 2016 wana wa ukoo wa mfalme walikwenda London wakaiona kwa macho yao, kisha wakarudi mikono mitupu.

Njia ya pili ni wizi, na hapa twawaomba mtege masikio, kwa kuwa mna mafunzo makubwa. Wamijikenda wa pwani huchonga vigango, yaani miti mirefu ya ukumbusho, na kuvisimamisha kwa ajili ya wazee waliofariki. Kigango kikisha kusimikwa hakiondolewi, kwa maana kimebeba roho ya aliyekufa. Mzee mmoja wa Kigiriama alisimamisha vigango viwili kwa ajili ya ndugu zake. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa kike alimpiga picha amesimama kando ya vigango hivyo, na muda si mwingi vikaibwa usiku. Miaka mingi ilipita. Ndipo kimoja kilipoonekana katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, Marekani, na cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Wenye majumba hayo walikuwa wamevipokea pamoja na vingine vingi vilivyopita mikononi mwa wafanya biashara. Kilichowashinda wasiweze kukana ni ile picha. Mwaka 2006 walikubali kuvitoa, na mwaka 2007 kulikuwa na sherehe ya kurudishiwa jamaa yake. Mzee mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwisha kufa bila kuviona tena.

Jumba jingine la Marekani, la mji wa Denver, lilikuwa na vigango 30. Lilikubali kuvirudisha mwaka 2014, lakini vilifika Kenya mwaka 2019. Hivyo hata mwenye kitu akikubali kwa moyo mweupe, safari ya kurudi yaweza kuchukua miaka mitano.

Njia ya tatu ni ununuzi, na hii ndiyo iliyopitiwa na vyombo vingi vya Turkana. Maofisa, wamisionari, wataalamu na watalii walinunua vigoda, vyombo vya maziwa, shanga na ngozi, wengine kwa tumbaku, wengine kwa sukari, wengine kwa fedha. Hapa yatupasa tuseme kweli hata kama yauma. Tukiandika barua London au Oxford tukasema kila ekicholong iliyoko huko iliibwa, watatuonyesha daftari la mnunuzi, na barua yetu itatupwa kapuni. Hata ile iliyo ya haki tutaipoteza pamoja na isiyo ya haki.

Walakini ununuzi nao una sura nyingi. Mtu aliyeshiba akiuza kigoda chake ili achonge kingine, ameuza. Mtu ambaye mifugo yake imekwisha, na mtoto wake analia usiku, akiuza chombo cha mama yake kwa bei anayoitaja mnunuzi peke yake, je, huyo ameuza au amenyang'anywa na njaa, na mnunuzi akawa amesimama karibu?

Hatulisemi hili kwa kubuni. Mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, nyumbani kwetu ilibaki elepit moja ya nyanya yetu. Ilikuwa na ufa ubavuni, na nyanya alikuwa ameushona kwa uzi wa ngozi, mishono saba. Alipita mnunuzi mwenye gari. Sisi wenyewe, huyu karani wenu anayesoma hotuba ya kulinda vyombo, ndio tulioitungua tukampa. Alilipa unga wa siku chache. Hakuuliza jina la aliyeitengeneza, wala sisi hatukumwambia. Kesho yake asubuhi mama alikwenda kumkamua mbuzi aliyebaki. Alinyosha mkono mahali ilipokuwa ikitundikwa, akakuta pameachwa wazi. Akachukua kopo la plastiki akaenda zake. Hakutuambia neno siku ile, wala hajatuambia hata leo.

Elepit ile tukiiona popote duniani tutaitambua kwa mishono yake. Lakini hatuna picha, hatuna hati, hatuna shahidi asiye wa nyumba yetu. Yule mzee wa Kigiriama alikuwa na picha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi karani tulilijua neno hili tangu shuleni, tukaliandika hata ubaoni kwa mwandiko mzuri, na nyumbani kwetu hatukulitenda.

Sasa tuje kwenye hoja za wazee. Tulipokuwa tukitayarisha maneno haya tulizunguka kuwauliza, na mzee mmoja wa Kakuma alitujibu kwa ukali. Alisema: "Ninyi watoto mliosoma mwalilia vigoda. Kigoda ni mti, na mti upo. Ng'ombe, ngamia, mbuzi, kondoo na punda waliotwaliwa na jeshi la Waingereza, hao nani atawarudisha? Jumba gani la kioo limewaweka?" Tulikaa kimya muda mrefu. Hatuna jibu la kumshibisha mzee huyu. Mifugo ile ililiwa, iliuzwa, iligawanywa, na wajukuu wake hawatambulikani. Ila kuna kitu kimoja kilichobaki cha habari ile, nacho ni maandishi. Serikali ya kikoloni iliandika kila siku: imetwaa nini, wapi, kwa amri ya nani. Majalada mengine yamo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi. Mengine yalisafirishwa kwa siri kwenda Uingereza wakati wa uhuru, mwaka 1963, na serikali ya huko ilikiri kuwa nayo mwaka 2011 tu, baada ya wazee wa Mau Mau kuishitaki mahakamani. Kwa hiyo twamwambia mzee wetu kwamba neno lake limeingizwa katika madai yetu. Yatupasa tuombe nakala za majalada yahusuyo nchi yetu, ili hesabu ya mifugo ijulikane na wajukuu, hata kama hailipwi. Deni lililoandikwa si sawa na deni lililosahauliwa.

Mwanachama mwingine, mama wa Lodwar, aliuliza: "Mbona mwatazama ng'ambo tu? Nairobi je?" Naye alisema haki. Mwaka 1984, huko Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa wa kichwa juu ya kokoto. Ikachimbuliwa mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, ambaye dunia nzima humwita Kijana wa Turkana. Mifupa hiyo imo katika Jumba la Makumbusho la Nairobi. Tukumbuke pia Lothagam, katika nchi ya jirani na mto wetu Kerio, ambako wafugaji wa miaka 5,000 iliyopita walizika mamia ya watu wao chini ya jukwaa la mawe, na shanga zao pamoja nao. Hatuwezi kudai kwamba hao wote ni babu zetu wa damu, maana ukoo wa Kiturkana ulifika hapa baadaye sana. Ila sisi ndio walinzi wa ardhi iliyowahifadhi. Mifupa ya namna ile yahitaji chumba maalumu na wataalamu, nasi hatutaki ivunjike kwa ajili ya fahari yetu. Lakini si haki mtoto wa Nariokotome asafiri siku mbili ili amwone kijana wa kwao. Twaweza kuomba sanamu kamili iliyofanywa kwa mfano wa mifupa ile, iwekwe huku, na mifupa yenyewe ije kutazamwa kwa kipindi, siku tutakapokuwa na mahali pa kuipokea.

Wako pia wasemao kwamba Wazungu hawarudishi kitu. Si kweli, na wala si uongo mtupu. Mwaka 1954 fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lilirudishwa Kalenga kutoka Ujerumani, baada ya kutajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Mwaka 1962 Cambridge iliwarudishia Waganda mabaki ya Kibuuka, mungu wao wa vita, na mwaka 2024 ikapeleka Uganda vitu vingine 39. Mwaka 2021 Ufaransa iliirudishia Benin vitu 26 vya kifalme. Kwa upande mwingine, British Museum imefungwa na sheria ya mwaka 1963 isiyoiruhusu kutoa vitu vyake ovyo. Ndiyo sababu dhahabu ya Waasante ilipokwenda Kumasi mwaka 2024 ilikwenda kwa mkopo. Mwenye mali akopeshwe mali yake! Lakini Waasante waliipokea, na watoto wao wakaiona.

Nchini kwetu nako kazi imekwisha kuanza. Tangu mwaka 2018 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wasanii wa Nairobi na majumba ya Cologne na Frankfurt, yalianza kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo, na yakahesabu zaidi ya 32,000. Hivyo ni vile vilivyoandikwa tu. Wenye kuorodhesha waligundua jambo ambalo sisi makarani twalijua: mara nyingi daftari la jumba humtaja aliyekusanya, na halimtaji aliyetengeneza. Huandikwa "kigoda, mti, Turkana", basi. Mtu mzima, mwenye mke na watoto na mifugo, amegeuka kuwa neno moja.

Wazee wetu na wanachama, baada ya kuyatazama hayo yote, halmashauri imetutuma tuwaletee mashauri manne. Mtayajadili baada ya chakula, na uamuzi ni wenu.

La kwanza, chama kifungue daftari la vyombo vilivyobaki majumbani mwetu. Kila nyumba ilete chombo kimoja cha kale kipigwe picha na kuandikwa: jina lake kwa Kiturkana, aliyekitengeneza, aliyekirithi, na alama zake. Kisha mwenyewe atarudi nacho nyumbani. Twasema tena, kwa sababu tumesikia manong'ono: hakuna chombo kitakachobaki ofisini. Daftari ndilo litakalobaki.

La pili, tuandike barua kwa serikali ya kaunti yetu na kwa Makumbusho ya Taifa, tuombe orodha na picha za vitu vya Turkana vilivyo ng'ambo, pamoja na nakala za majalada tuliyoyataja. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya majumba ya makumbusho, kwa hiyo hatuombi hisani.

La tatu, orodha hiyo ikifika, ikae mbele ya baraza la wazee na akina mama, si mbele ya sisi makarani. Wao ndio wajuao kipi ni chombo cha kawaida na kipi kilikuwa cha tambiko. Vya tambiko vidaiwe kwanza, na kwa nguvu. Vya kawaida vilivyonunuliwa kwa haki vyaweza kukaa huko kama wajumbe wetu, mradi viandikwe jina la kweli na kazi yake ya kweli.

La nne, chombo cha kale kisiuzwe kabla hakijaandikwa. Hatuwezi kumkataza mwenye njaa. Sisi wenyewe tulishindwa. Lakini mafundi wetu wako hai. Wachonge vipya, viuzwe kwa wageni hapa Kerio, Lodwar na Kakuma kwa bei iliyopatanwa, na chama kiwe na akiba ndogo ya unga, ili siku mtu atakapokuja na chombo cha mama yake mkononi, aweze kukiweka rehani kwetu na kukikomboa mvua ikinyesha. Usiache mbachao kwa msala upitao. Shauri hili ndilo litakalogharimu fedha, na ndilo tunalolitaka kuliko yote.

Wapo watakaouliza: vitu vikirudi tutaviweka wapi? Swali hili ni zito, kwa kuwa jumba lisilo na mlinzi ni kuwarahisishia wezi kazi. Tukianza na chumba kimoja chenye mlango wa chuma, kisichoingia mchwa wala mvua, na daftari juu ya meza, tutakuwa tumekwisha kuanza.

Ndugu zetu, kila mwaka Lodwar hufanyika sherehe iitwayo Tobong'u Lore, na nyote mwajua maana yake: rudini nyumbani. Twawaita wageni kutoka pande zote za dunia, twawaambia kwamba hapa ndiko wanadamu walikotoka, nasi twawapokea kwa ngoma. Ni neno jema. Basi tuliseme na kwa vyombo vyetu. Lakini mwenye kumwita mtu arudi nyumbani hufagia kwanza, akatandika, akakumbuka jina la anayemngoja.

Daftari la chama liko mezani, na ukurasa wa kwanza tumekwisha kuuandika. Umeandikwa elepit, ya mti, ufa ubavuni, mishono saba ya ngozi. Penye nafasi ya picha pameachwa wazi. Jina la aliyeitengeneza limeandikwa kwa ukamilifu, na mama ndiye aliyetutajia.